Waridi Lililoongoza Kura

Dada mpenzi,

Mimi mzima, ila situlii. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara nimeinuka kufagia pasipo na taka.

Chama chetu cha wapanda maua kimenipa kazi ya kuwapokea wageni wanaoanza kujifunza. Juzi niliwasomea matokeo ya kura ya maua yanayopendwa: waridi la kwanza, yungiyungi la pili, asumini la tatu. Katibu alinikanya mapema, "Wape orodha tu, wachague wenyewe." Lakini kura husema watu wanapenda nini, haisemi nini kitaota kwako.

Mwisho, mwanamke mmoja mjamzito akaniuliza, "Shangazi, nyuma ya nyumba yangu ni kokoto tupu. Nipande lipi?"

"Waridi," nikamjibu. "Si ndilo limeongoza?"

Akanunua miche sita, akanishukuru sana.

Dada, kokoto zile nazijua. Niliishi nazo miaka kumi na minne. Ndiye aliyeolewa na shemeji yako aliponiacha.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikaenda kubisha hodi. "Usiipande ile miche," nikamwambia. "Hapa mawaridi yalinishinda hata mimi."

Akanitazama, akatambua mimi ni nani. Akafungua mlango wote. "Basi niambie wewe, hapa huota nini?"

"Shubiri."

Tukacheka, Dada, bila kutaka. Shemeji yako alipopiga honi langoni, nilikuwa nimeshatokea mlango wa nyuma.

Wasalimie watoto.

Mdogo wako