Sabuni yenye ilibeba jina ya Cansilde

Dative, acha kazi usome. Mana yangu, Mungu wangu!

Unajua sabuni ya Cansilde, ile ya mafuta ya avoka, parachichi, yenye anatengeneza na wamama wajane pale Rubona. Leo kwa soko ya Mahoko mama mumoja akamuonyesha mikono imebabuka: "Ni sabuni yako ilinichoma!" Sabuni YAKE, Dative!

Cansilde akaichukua. Karatasi ni yake, jina ni yake. Lakini ilinuka ile soda kali ya kupikia sabuni tupu, hakuna avoka.

Akashuku Alliance, mujane mwenye anafunga sabuni. Alliance akalia: "Mama, mi nakula kwa hii kazi. Karatasi zinalala kwako nyumbani."

Nyumbani! Na nyumbani iko nani? Jado, bwana yake.

Jado alipokuja kula, Cansilde akamuwekea maji na ile sabuni. "Nawa, bwana."

Jado akaishika, akainusa, akairudisha chini polepole. "Bon, sawa, leo nitakula na uma."

Ugali na uma, Dative! UMA! Alijua ile sabuni inachoma.

Cansilde akabeba karatasi zote, akazipeleka kwa Alliance, akamuomba musamaha kwanza. Jado, mwizi wa karatasi, atamurudilia baadaye na hesabu yake.