Nilikanyaga Matope ya Watu Wawili

Jumamosi, alasiri. Bugomora.

Leo jua halikuonekana sawasawa. Nyasi zinaungua upande wa mto na moshi umetulalia tangu asubuhi. Nitaandika, maana kwetu Kahama ni mbali na hapa sina wa kumwambia.

Ni wiki ya tano tangu niombe ruhusa kwenye machimbo ya bati nikafuata safari hii ya injili. Mwalimu Filemoni, mwinjilisti wa kutoka Bukoba, alitafuta watu wa kujenga kanisa kiangazi hiki kabla mvua hazijarudi. Darasa la pili sikulimaliza, kuhubiri siwezi. Nikasema nitamtumikia Mungu kwa kitu ninachokijua, yaani udongo.

Ninalala kwa Karugaba. Ni mfugaji, kabatizwa miaka mitatu iliyopita, ana maneno mengi. Siku ya kwanza tu alinipa maziwa akaniambia, "Mnyamwezi, unachimba kama fuko anayekimbia mvua." Sijawahi kuwa na rafiki wa namna hiyo machimboni. Kule watu wanajuana kwa namba.

Wiki ya pili tulichanjiana.

Kanisa limekataza, najua. Tulikaa nyuma ya zizi, tukapasua punje moja ya buni. Kila mmoja akajichanja karibu na kitovu, akapaka damu kwenye nusu yake, akamlisha mwenzake. Ukishafanya hivyo, aibu ya ndugu yako ni yako, hutoi siri yake. Wanasema anayetoa siri ya mwenzake huvimba tumbo mpaka afe.

Baadaye kidogo, tulipowasha tanuru la kwanza la matofali, ndipo alipoanza kusinzia.

Kazi yetu sisi wawili ni kukanyaga matope ya matofali shimoni. Alikuwa anasinzia amesimama, mguu mmoja juu. Wenzetu wakacheka: "Karugaba, punguza rubisi!" Lakini pombe ya ndizi hakuinusa. Usiku nilimsikia akizunguka uani, hana usingizi, akimfokea mkewe bila sababu. Nilipomshika shingo kwa utani, nikagusa matezi yaliyovimba.

Mjomba wangu alianza hivyohivyo. Ni malale.

Nilimwambia. Akaangalia ng'ambo ya kijito, kwenye ile migomba isiyo na mwenyewe. Watu wa pale walihamishwa mwaka jana kwa sababu ya mbung'o, na mapaa yao yameanza kubomoka.

"Ukisema, bwana shauri wa serikali atakuja kututoa sote," alisema. "Malisho haya ni ya baba yangu. Ulikula damu yangu, Mnyamwezi. Nyamaza."

Nikanyamaza. Siku kumi na mbili nikakanyaga matope yake na yangu. Alipolala, nilimficha nyuma ya rundo la nyasi za kuezekea na kusema amefuata ndama. Nilijiona rafiki mwema. Hata katika sala ya asubuhi nilimshukuru Mungu kwa urafiki wetu, na yeye kando yangu akisinzia, kidevu kifuani.

Leo nilikwenda kuteka maji. Niliporudi alikuwa ameanguka kifudifudi shimoni, uso wote ndani ya matope.

Alikuwa hatikisiki.

Nilimvuta kwa miguu, nikamtoa udongo kinywani kwa vidole. Akakohoa, akapumua. Watu walipojaa nikasema yote mbele yao: usingizi, matezi, hata ile punje ya buni.

"Tangu lini?" Mwalimu Filemoni aliuliza.

"Tangu tulipowasha tanuru la kwanza, mwalimu."

Hakunikemea kwa habari ya damu. Alikaa juu ya matofali. "Sisi tulikuwa tunamcheka," alisema polepole. "Na wewe ulikuwa unajua."

Mke wa Karugaba hakulia. Alimfuta mumewe masikio, kisha akanigeukia. "Shemeji," alisema, "umetuhamisha."

Huenda ni kweli. Huenda kanisa hili tunalipandisha kuta ili waje kusali popo. Na huenda siku kumi na mbili zile ndizo ambazo dawa ingemponya. Hilo linanitisha kuliko tumbo kuvimba.

Tumefunga machela. Alfajiri tunampeleka hospitali ya misheni Nyakahanga, watu wanane, tukipokezana. Ni mbali, na njia inapita vichakani kwenye mbung'o wengi. Niliomba nishike mti wa mbele. Sikusema kwa nini, ila nilitaka nimpe mgongo njia nzima.

Karugaba alikuwa macho wakati huo. Alisikia.

"Huyo ashike wa nyuma," aliwaambia. "Nataka nimwone."

Nitashika wa nyuma.