Sataranji Ndani ya Eda

Kisarawe, 20 Machi 1948

Kwa dada yangu mpenzi Mwanaamina,

Shikamoo dada. Ama baada ya salamu, mimi mdogo wako sijambo, hofu ni juu yako huko Magindu, hasa sasa ulipo ndani ya eda. Mungu amrehemu shemeji Matano. Kila nikishika gazeti nasahau, nasema, hili nitamwandikia Matano.

Basi nakuandikia wewe. Yale mashindano ya sataranji ya kumtafuta bingwa wa dunia yameanza Uholanzi. Wanacheza watano: Warusi watatu, Mmarekani mmoja, na yule mwalimu wa hesabu wa Uholanzi, kipenzi cha marehemu. Bwana Shauri, mkubwa wetu wa wilaya, akimaliza gazeti hulitupa kapuni, nami karani wake huliokota. Habari si nzuri: mzunguko mzima wa kwanza mwalimu wetu hakupata hata nusu pointi! Shemeji angelala na njaa.

Hapa chini nimekuchorea ubao, vyumba sitini na vinne, na kila kete nimeiandikia herufi yake ya kwanza kwa Kiarabu, kama ulivyosoma chuo cha Kurani. Cheza mwenyewe, siku zipungue.

Msalimie mama mkwe wako na shemeji Saburi, mdogo wa marehemu.

Mimi mdogo wako, Zahoro


Magindu, 9 Aprili 1948

Mdogo wangu Zahoro,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili, sijui wewe na mafua yako ya kila masika. Leo siku ya hamsini na mbili: nguo nyeupe, chumba kimoja, dirisha linatazama zizi. Kisimani siendi. Mama mkwe ametandika mkeka wake mlangoni. Nikikohoa anauliza nakohoa nini. Mchezo wako nimeucheza mara nane kwa kete za mpingo alizochonga Matano.

Sasa cheka. Mama mkwe aliuona mchoro wako chini ya mto. Vyumba vyumba, na herufi za Kiarabu ndani yake! Akapiga yowe kwamba umeniletea hirizi ya kumfunga Saburi. Tangu Ijumaa Saburi hapiti hata uani, ng'ombe wanakamuliwa na jirani. Zahoro, wakikuuliza, nyamaza. Mwache aogope. Maana anawaambia watu kwamba nikitoka eda anioe, nirithiwe pamoja na ng'ombe na majembe ya kaka yake. Simtaki.

Baba hayupo, wewe ndiwe walii wangu wa kuniozesha. Kuna mtu aliyezungumza nawe jambo hili? Nijibu hilo kwanza, ndipo unipe habari za mwalimu.

Dada yako, Mwanaamina


Kisarawe, 2 Mei 1948

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi namshukuru Mungu, ila hayo mafua uliyoyataja.

Mashindano yamehamia Moscow. Walipoondoka Uholanzi mwalimu alikuwa na pointi moja na nusu, na Mrusi anayeongoza ana sita. Karani mwenzangu Pazi anasema mtu mwenye akili angejitoa. Mimi nimembishia mpaka chai ikapoa: mwalimu ameaibika nyumbani kwake, huko ugenini atapumua. Nimekunakilia mchezo mmoja wote, hatua arobaini.

Kuhusu ile hirizi, dada, umenitia aibu. Habari zimefika hadi huku, mwenye duka wa hapa alikataa kunipa mkono. Karani wa Serikali niitwe mchawi! Nimemwandikia Saburi nikamweleza kuwa ni mchezo tu, nikamchorea na ubao mwingine aone. Nadhani ametulia.

Lile jambo jingine tutazungumza tukionana. Saburi ni mtu mwema.

Mdogo wako, Zahoro


Magindu, 20 Mei 1948

Zahoro,

Marahaba. Afya yangu usiiulize.

Saburi ametulia, ndiyo. Kila siku anakuja kukaa mkekani kwa mama yake, anacheka: "Shemeji, nifundishe na mimi huo uchawi." Hofu yake ndiyo iliyokuwa ukuta wangu, nawe umeubomoa kwa sababu mwenye duka hakukupa mkono.

Na mama mkwe amenieleza. Siku ya kuanua matanga ulimpa Saburi mkono mbele ya wanaume, ukasema, "Dada yangu hatoki nyumba hii." Umeweza kunakili hatua arobaini za Mrusi, kuniambia hilo moja kukakushinda. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama alipofariki mimi ndiye niliyekubeba mgongoni.

Unakumbuka hali ile aliyotuonyesha Matano? Mfalme hajashambuliwa, hakuna kete iliyo hatarini, lakini zamu ni yako, na kila utakachogusa kinakuvunjia nyumba. Nikikataa, watanitoa. Nikikubali, nimekwisha. Naogopa, Zahoro. Mwandikie Saburi barua moja, umwambie neno lile halikuwa lako kulitoa. Moja tu, kabla eda haijaisha.

Dada yako, Mwanaamina


Magindu, 26 Juni 1948

Mdogo wangu,

Eda imekwisha jana. Nimekogeshwa, nikaketishwa mbele ya wazee. Saburi alivaa kanzu mpya. Nilikuwa nakutazamia mlangoni, maana nilijua utakuja.

Mwalimu wa chuo, mzee Mwinjuma, akafungua barua yako, akaisoma kwa sauti: umeridhia, kazi za ofisi hazikuruhusu kuja, na ahadi ni deni. Kisha akanigeukia. Mwari akinyamaza ameridhia, akasema, bali mjane sharti aseme kwa kinywa chake. Nikasema, "Sitaki." Mama mkwe akaingia chumbani, akatoa sanduku langu, akaliweka nje ya ua.

Naandika nikiwa kwa jirani yangu Tatu, karibu na stesheni. Kuna gari la moshi la kwenda bara na la kwenda pwani, na sina mtu katika yote mawili. Kwako siji. Mwalimu wako sijui amemalizaje. Kama alicheza mpaka mwisho, mimi namwelewa: hakuwa na pengine pa kwenda.

Mwanaamina


Kisarawe, 15 Julai 1948

Kwa dada yangu Mwanaamina, kwa mkono wa Tatu, Magindu

Shikamoo dada. Hali yangu si njema. Hii ni barua ya tatu tangu uondoke.

Nilikuja Magindu. Tatu anasema ulipanda gari, hakuona ulipanda lipi. Saburi nimemwandikia yale uliyoniomba, amenirudishia barua bila kuifungua. Nimekukosea, dada, tangu siku ile ya matanga, na nilijua.

Mwalimu alimaliza wa mwisho kabisa. Michezo yote ishirini aliicheza.

Nimekukodia chumba cha pili, kitanda cha kamba kimo. Mlangoni hakai mtu.

Mdogo wako uliyembeba, Zahoro