Matete ya Kisimani Msiyang'oe

Mama Moraa, mke wa mwanangu,

Habari za hapo Marani? Moraa ameacha kukohoa? Na huyo mume wako Onchari, bado anasingizia mgongo? Sisi huku Kilifi kwa binti yangu Kemunto tupo, hatujafa. Mapacha wake wanalia kwa zamu, huyu akinyamaza yule anaanza. Joto la huku linakukalia kifuani kama mtu. Nilikuja kulea wajukuu, sasa naona wao ndio wananimaliza. Nimechoka, mama.

Jana Kemunto alinionyesha picha uliyotuma. Umesimama kisimani na panga, unacheka meno yote, nyuma yako lundo la majani. Umeandika eti unaondoa nepia ya kulishia ng'ombe iliyougua, na Jumapili Onchari analeta vijana wang'oe mizizi. Nilikaa chini. Ile si nepia! Ni matete. Mama mkwe wangu aliniagiza yasiguswe, maana ndiyo yanayoshika ukingo wa kisima. Kiangazi, nusu ya kijiji hushuka kuchota kwetu. Mkiyang'oa, mvua ya kwanza itajaza kisima tope, na wewe utakuwa unapanda kile kilima na mtungi kichwani kutafuta maji kwingine.

Nilikupigia simu. Nikisema matete, wewe unajibu, "Sawa mama, nepia ya chini." Watoto wanalia, Kemunto anadai simu yake. "Sawa mama, sawa mama." Sawa yako naijua, ndiyo uliyonipa siku mbuzi walipomaliza mboga. Basi nimeandika, na mwandiko wangu wa darasa la tatu usiucheke.

Najua ulipokosea. Nepia ya shambani imeugua, imedumaa, imekuwa ya njano, mkaambiwa muing'oe yote. Na matete ya kisimani mbuzi wameyatafuna, jua likayachoma, yamefupika vilevile. Hata mimi, na usimwambie Onchari, leo asubuhi nilienda mtaroni nyuma ya nyumba nikukatie mfano. Mzee anayechunga mbuzi hapo akaniuliza, "Bibi, hayo mabingobingo ni ya ng'ombe gani?"

Hivyo ndivyo wanavyoiita nepia huku. Nikamjibu, "Mabingobingo gani? Haya ni matete, nimeyajua tangu wewe unanyonya!"

"Haya, likate hilo bua."

Nikalikata. Limejaa ndani, jeupe, nepia kabisa. Alicheka mpaka mbuzi wakatawanyika. Matete yenyewe yalikuwa mbele kidogo, miguu majini.

Kwa hiyo macho usiyaamini. Kata bua. La tete ni tupu ndani, la nepia limejaa. Kisha pitisha kidole pale jani linaposhika bua: nepia ina vinyweleo vinavyowasha. Ikiwa imetoa maua, yamesimama kama mkia wa paka aliyekasirika, lakini ya tete yanalala kama mkia wa jogoo aliyenyeshewa. Ndani ya bahasha nimeweka vipande viwili. Chenye uzi mwekundu ni tete, chenye uzi mweusi ni nepia. Vishike, usivitazame tu.

Barua anakuja nayo mama mmoja wa kanisani, atafika Ijumaa. Jumamosi ni Sabato, hakuna wa kushika jembe hapo kwetu, basi itumie siku hiyo kumsumbua Onchari mpaka akubali. Nepia ya juu ing'oeni yote, sina neno. Uliyoyakata kisimani yatachipua. Mizizi ndiyo naomba msiiguse. Kisima kile sikukichimba mimi, na wewe hukukichimba.

Nisalimie shemeji yangu mzee Ombati, na mke wake mwambie kikapu changu akirudishe. Moraa mpake mafuta kifuani kabla ya kulala. Onchari mwambie mama yake hajafurahi.

Nikirudi nitashuka kisimani kwanza, na mzigo wangu kichwani. Nikikuta maji safi, nitapanda kwako uniwekee chai.

Ni mimi mama mkwe wako,
Magokoro, bibi yake Moraa