Mapulizo Matatu ya Krismasi

Tanga, bandarini

Mke wangu Mama Yasinta,

Nakusalimu wewe, na mama yangu umpe shikamoo kwa mikono miwili. Mnaendeleaje hapo Bashay? Mvua zimewatosha? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi nipo. Tunabeba saruji kutoka hapa kwenda Mtwara, na siku meli ikiwa tupu nakwangua kutu kwa nyundo mpaka masikio yanalia. Kwenye bahasha nimeandika Mkoa wa Arusha, nikakata, nikaandika Manyara, mkoa wetu mpya. Mkono bado haujazoea.

Barua yako nimeipata. Umesema mimba ya Krismasi sasa ina miezi mitano. Nimeisoma mara nyingi, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Hii yangu isome peke yako. Wewe ulifika la saba, huhitaji wa kukusomea.

Mwaka jana mama mmoja alipanda melini kutufundisha habari za UKIMWI. Alikuja na mti uliochongwa kama uume, akatuonyesha kuvaa kondomu. Serahangi, yule msimamizi wetu, akasema, "Muonyeshe huyu Mmbulu kwanza, kwao wanajua kukamua ng'ombe tu." Yule mama akamjibu, "Njoo wewe mzee uvae, tuone kama umesikia." Tukamshangilia. Akatuachia paketi kila mtu.

Nitakuambia ukweli, nimechoka kuficha. Meli ikifunga Mtwara mabaharia wanakwenda kwa wanawake, na mimi nilikwenda. Kwa hao nilivaa. Lakini kulikuwa na mwanamke anauza chakula karibu na geti la bandari, anaitwa Anna, mzaliwa wa Tumati. Siku ya kwanza alinisikia naongea, akaniuliza kwa Kimbulu, "Wewe ni mtoto wa nani?" Ilikuwa imepita miaka miwili sijaulizwa hivyo. Akanipa ugali na maziwa mgando, sijui aliyapata wapi. Kila tukifika nilikuwa nalala kwake, na kwake sikuvaa. Nilisema moyoni, ugonjwa ni wa watu wa pwani, huyu ni mtu wa nyumbani.

Nilikuja Krismasi nikiwa hivyo. Unakumbuka Yasinta alifungua begi langu akatoa vile vipaketi vitatu, ukaniuliza ni vitu gani. Nikasema ni mapulizo ya watoto. Akayapuliza, mama akacheka mpaka akakaa chini, wewe ukafunga moja mlangoni kama pambo la sikukuu. Mimi niliona aibu tu. Sikujua lingine.

Niliporudi Mtwara nilimkuta Anna yuko kwenye mkeka, amebaki mifupa. Akaniambia, "Boay, nenda kapime. Mimi nimeshapima." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia nijikinge. Akasema, "Na mimi nilidhani wewe umetoka nyumbani, huna kitu." Safari iliyofuata nikakuta wameshamzika. Pale hakuna aliyejua kwao ni wapi, isipokuwa mimi. Watu wa Tumati sijawaandikia. Ningesema mimi ni nani?

Nimepima, ninao. Nilijua tangu Februari, nikaogopa kukuandikia. Walisema dawa za kurefusha maisha bado, kinga ya damu yangu haijashuka kufika kipimo chao, nihudhurie kliniki kila mwezi siku ya Jumanne. Meli haijui Jumanne. Nimekwenda mara moja tu, na sasa nakohoa.

Mimi basi. Lakini wewe nenda hospitali ya wilaya wiki hii hii ukapime. Labda hukuupata. Kama unao, nesi wa hapa amenieleza kuna dawa anapewa mama wakati wa uchungu, na mtoto anapewa yake akishazaliwa, anaweza kupona. Anaweza. Hakusema atapona. Usizalie nyumbani kama ulivyomzaa Yasinta. Mama atasema sisi wote tulizaliwa humo humo, na wembe wa kukatia kitovu atakuwa ameshanunua. Mwambie ni neno langu, anikasirikie mimi. Sababu ukitaka kumwambia, mwambie. Najua zamani nyumba yenye mkosi ilikaa peke yake, haikuazimwa moto wala jembe. Wakikufanyia hivyo, waambie kosa alilileta Boay kutoka baharini.

Na ukikutwa mzima, siku nikirudi unitandikie upande wa ng'ombe, mbali na kitanda chako. Sitauliza kwa nini. Ila sidhani kama nitarudi nikiwa na nguvu ya kupanda mlima ule.

Msalimu kaka yangu mkubwa, na dada aliyeolewa Masakta, mwambie mumewe asikimbilie kazi za huku. Yasinta aliniagiza mapulizo mengine. Mwambie yale hayakuwa ya watoto.

Ni mimi mumeo niliyekukosea,
Boay