Pangaboi Lililoniita Jina

Mume mwenzangu Hamisi,

Hujambo huko Dodoma? Sisi huku Kasingirima tu wazima, ila bibi yetu analalamika humpigii simu.

Unauliza kwa nini feni yako inanguruma na ya jirani haisikiki. Ujanani, pangaboi la chumba cha mama yangu mgonjwa lilikuwa likiniita mchana kutwa: "Ju-ma, Ju-ma." Babu yako shujaa nikadhani ni jini, nikafungasha nguo nikimbilie kijijini Kagunga! Kabla sijaondoka, fundi niliyemwita alitazame akanicheka: "Jini gani, Bwana Juma? Panga moja limepinda, na beringi imekauka mafuta." Akalinyoosha, akatia grisi. Likazunguka kimya kabisa.

"Ju-ma," sauti ikaendelea.

Alikuwa mama kitandani, akiomba maji. Sijui alikuwa ameniita siku ngapi.

Babu yako mwoga,
Juma