Tumbawe la Papa Neema

Jumatatu, 7 Julai
Chumvi 35. Joto 25. Alkali imeshuka tena. Nimetia bikarbonati kidogo, ile ile ya maharage. Ndani ya aquarium, sanduku letu la kioo, tumbawe limefungua vidole vyote. Samaki wawili wanagombana, kama watu wa mtaa wa Majengo kabisa.

Bwana yangu, Papa Neema, amepiga toka Kinshasa. Swali ni lile lile: "Limefunguka?" Nikasema ndiyo. Rezo ya simu ikakatika. Alienda kununua mali ya kuuza, juma mbili tu. Vita ikafika, ndege zikaacha kutua Goma. Sasa karibu miezi sita. Ninamutamani mpaka nakasirika.

Jumatano, 9 Julai
Pipa la maji ya mvua limekauka. Kiangazi. Ndani ya aquarium maji yanapungua, chumvi inabaki: 37. Kesho nitaenda kuchota ziwani.

Alhamisi, 10 Julai
Mujinga ni mimi.

Pale ziwani kuna mzee mmoja, papa wa klore. Anasimama na sindano yake, anatia hiyo dawa ndani ya kila bidoni ya maji sababu ya kipindupindu. Tangu utoto, mutu akifika mbele yake anafungua kifuniko bila kuulizwa. Nikafungua. Nikasema aksanti, papa. Nyumbani nikamimina nusu bidoni ndani ya aquarium, mara moja, kwa haraka.

Saa moja haikuisha. Samaki juu, wanahema. Tumbawe limejikunja lote. Ndipo nikakumbuka klore. Papa Neema alinionyesha zamani: vitamini C inaimaliza. Nimesaga vidonge, nikatia. Samaki wametulia. Tumbawe hapana.

Jumamosi, 12 Julai
Amepiga. Limefunguka? Nikasema ndiyo. Uongo mutupu. Limekuwa jeupe, nyama inabanduka. Ninapima asubuhi, ninapima mchana. Chumvi nzuri. Alkali nzuri. Linakufa na namba nzuri.

Jirani ananishauri nikaange samaki, maneno yaishe. Sikucheka. Papa Neema alilitoa Dar es Salaam ndani ya mfuko wa maji, akalipakata njia nzima. Aliniachia kitu kimoja tu cha kuchunga.

Jumatatu, 14 Julai
Nimelitoa. Mfupa tupu.

Alipopiga nikamwambia yote, klore, na uongo wa Jumamosi pia. Nilitaka anigombeze. Kugombezwa kungenisaidia. Akasema polepole:

"Sasa Mama Neema, nikipiga simu nitauliza nini?"

Miezi sita nilifikiri analikumbuka tumbawe, kumbe ni mimi.

"Uniulize mimi," nikasema.

Jumatano, 16 Julai
Chumvi 35. Samaki wamekula.

Amepiga jioni. Hakuanza vizuri, alikohoa kwanza. Akauliza nimekula nini. Sombe, majani ya muhogo. Na nini? Na makayabu, samaki wa chumvi. Nani alitwanga? Mimi. Akauliza kama bado ninatia pilipili nyingi. Nikasema ninatia vile anapenda yeye. Akataka kujua kama hainiumizi tumbo. Inite za simu zikaisha tungali kwenye pilipili.